Njia ya Kwenda kwa Nyanya: Kutoka Mannheim Hadi Pforzheim

Katika sehemu ya kusini-magharibi ya nchi ya Ujerumani, mahali mto Neckar unapoingia katika mto mkubwa wa Rhine, pana mji uitwao Mannheim. Mgeni afikapo huko kwa mara ya kwanza hustaajabu, kwa kuwa katikati ya mji barabara nyingi hazina majina. Watu wa kale waliugawa mji kwa miraba, kama ubao wa mchezo wa drafti, na kila mraba ukapewa herufi na namba. Mtu akiulizwa anakaa wapi hujibu kwamba anakaa Q5 au U3, na mpeleka barua humfikia bila taabu. Katika mraba wa T6, mwaka wa 1871, fundi mmoja kijana aitwaye Carl Benz alifungua karakana ndogo pamoja na mwenzake. Na kutoka katika mji huu, mwaka wa 1888, motokaa iliondoka kwenda safari ya mbali kwa mara ya kwanza duniani. Aliyeongoza safari hiyo hakuwa Bwana Benz mwenyewe. Alikuwa mkewe, naye alikuwa akiwapeleka watoto wao kwa nyanya yao.

Nyanya huyo alikaa Pforzheim, mji ulio kusini ya Mannheim, mahali mito mitatu, Enz, Nagold na Würm, inapokutana, na ambapo vilima vya Msitu Mweusi vinaanza kuinuka. Tangu karne ya 18 wenyeji wa Pforzheim wamejulikana kwa kazi ya mapambo na saa, hata Wajerumani wenyewe huuita Mji wa Dhahabu. Huko ndiko alikozaliwa Bertha Ringer tarehe 3 Mei 1849. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa katika kazi yake. Yasimuliwa kwamba alipozaliwa, katika Biblia ya nyumbani yaliandikwa maneno machache ya masikitiko kwamba amezaliwa msichana tena. Binti huyo alipokua na kuweza kusoma aliyaona maneno yale, wala hakuyasahau.

Kwa desturi ya Wajerumani wa siku zile, si mume aliyelipa mahari; baba wa msichana ndiye aliyemtengea binti yake fedha za kuanzia nyumba. Bertha alipochumbiwa na Carl Benz, yule mwenzake Benz katika karakana alikuwa si mtu wa kutegemewa, na biashara ilikuwa karibu kuanguka. Basi Bertha akamwomba baba yake ampe fungu lake kabla ya siku ya harusi, na kwa fedha hizo mwenzake yule akalipwa akaondoka. Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1872. Kwa hiyo katika misumari na mitalimbo ya karakana ile mlikuwa na fedha za mke tangu mwanzo, na hili halina budi kukumbukwa na mtu atakayeshangaa baadaye kwa nini mama wa nyumbani alijua habari za injini kama fundi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu. Watoto walizaliwa, madeni yakawaandama, na injini ambayo Bwana Benz alikuwa akiitengeneza haikukubali kuzunguka. Yeye mwenyewe alisimulia, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka wa 1925, habari za usiku wa mwisho wa mwaka wa 1879. Baada ya chakula cha jioni mkewe alimwambia waende tena karakanani wakajaribu bahati yao. Walikwenda, wakaizungusha, na injini ikashika. Wakasimama wawili gizani wakisikiliza mlio wake kwa muda mrefu, na punde kengele za makanisa ya mji zikaanza kulia kuukaribisha mwaka mpya.

Hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wa motokaa, yenye namba 37435, iliombwa tarehe 29 Januari 1886. Mtu wa leo akiiona motokaa ile pengine atacheka. Ilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, kama baiskeli ya mtoto iliyokuzwa. Haikuwa na paa wala milango. Hapakuwa na usukani wa mviringo. Dereva alishika mkono mdogo wa chuma akaugeuza huku na huku. Injini yake, yenye silinda moja tu, ilikaa nyuma chini ya kiti, na ili kuiwasha ilibidi mtu alizungushe kwa mikono gurudumu zito lililolala chali. Nguvu zilifika magurudumuni kwa ukanda na minyororo. Ilipotolewa barabarani hadharani mjini Mannheim, tarehe 3 Julai 1886, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, Eugen, alikimbia kando yake na chupa ya mafuta mkononi, ili baba yake akiishiwa amwongezee. Utingo wa kwanza wa motokaa duniani, basi, alikuwa mvulana wa miaka 13.

Lakini kuvumbua kitu si kukiuza. Watu wa Mannheim walitoka kuitazama, wengine wakacheka, wengine wakalalamika kwamba farasi wao wanaogopa, na hakuna aliyetoa fedha mfukoni. Bwana Benz alikuwa fundi hodari sana, lakini alikuwa na hofu ya fundi: kila siku aliona jambo jingine la kurekebisha kabla ya kuonyesha kazi yake. Alizunguka na motokaa karibu na nyumbani, akarudi, akafungua, akafunga. Wenzake katika biashara walinung'unika, maana kazi iliyoleta chakula ilikuwa ile ya kuuza injini za kuendeshea mitambo ya viwandani, si kigari kile cha magurudumu matatu. Miaka miwili ikapita hivyo. Bibi Benz, ambaye fungu lake lote la baba lilikuwa limekwisha humo, aliona kwamba motokaa ikiendelea kuzunguka uani itakufia uani.

Ni vema kukumbuka hali ya mwaka huo wa 1888. Katika nchi ambayo leo ni Kenya hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Mizigo ya kwenda bara ilibebwa vichwani na wapagazi, na ndio mwaka ambao Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati yake ya kifalme, mwezi wa Septemba. Huko pwani ya kusini, Agosti ile ile, Kampuni ya Wajerumani ilijitwalia utawala wa bandari, jambo lililozusha vita vya Abushiri bin Salim kule Pangani. Watu wa pwani waliwajua Wajerumani kwa mizinga yao, nao hawakuwa na habari kwamba nyumbani kwao mama mmoja alikuwa akisukuma gari lisilo na farasi.

Tarehe 1 Agosti 1888 wakuu wa serikali ya Baden walimpa Bwana Benz kibali cha maandishi cha kuendesha motokaa yake mjini Mannheim na katika vijiji vya jirani. Huenda hicho ndicho kilikuwa kibali cha kwanza cha dereva. Hakikusema lolote juu ya Pforzheim, iliyo mbali zaidi ya kilomita 100 kwa njia ile, yaani kama maili 66.

Ilikuwa wakati wa likizo ya shule. Eugen alikuwa na miaka 15, na Richard, mdogo wake, alikuwa bado hajatimiza miaka 14. Vijana hao walikuwa wakimwomba mama yao kila mara wapande motokaa wakaone mbali, na mama mwenyewe alitaka kumwona mama yake. Wasichana wawili wadogo wangebaki nyumbani. Baba hakuambiwa. Mapema asubuhi, mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, wakati Bwana Benz alipokuwa usingizini, wale watatu waliingia karakanani wakaisukuma motokaa nje polepole, wakaenda nayo mpaka mahali ambapo mlio wake hautamwamsha mtu, ndipo wakalizungusha lile gurudumu zito na injini ikaanza. Yasemekana waliacha barua fupi mezani, iliyosema kwamba wamekwenda kwa nyanya. Kwamba wamekwenda kwa motokaa, baba alijionea mwenyewe alipofika karakanani.

Nchi wanayopita wasafiri watokao Mannheim ni tambarare, nayo ni nzuri kwa mkulima. Ni bonde pana la mto Rhine, lenye udongo mwepesi wa mchanga na jua la kutosha. Huko hulimwa tumbaku, na mboga ile iitwayo asparagasi, ambayo Wajerumani huifunika kwa matuta ya mchanga ili isione jua ikawa kijani, kisha huichimba ikiwa nyeupe kama mshumaa. Upande wa mashariki, vilima vimefunikwa kwa mizabibu. Asubuhi ile njia ilikuwa rahisi, na injini ilikwenda vema. Walipita Heidelberg, mji wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka wa 1386, ambao ngome yake iliyobomoka yaonekana mlimani kutoka mbali. Mwendo wao ulikuwa kama wa farasi anayekimbia, usiozidi kilomita 16 kwa saa, na kwa watoto hao huo ulikuwa mwendo wa ajabu.

Taabu za njiani zilianza na maji. Injini ile ilipoozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani kama mvuke wa birika, kwa hiyo kila baada ya mwendo mfupi ilibidi kutafuta kisima, au kijito, au hata mfereji wa kando ya njia, na vijana wakachota na kumimina. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa na debe mkononi, akingoja rejeta ipoe, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha mafuta. Motokaa haikuwa na tangi. Mafuta yaliyokuwamo yalikaa ndani ya kabureta, yapata lita 4 na nusu tu. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, kusini ya Heidelberg, yalikuwa yanakwisha. Wala hapakuwa na kituo cha petroli hapo wala mahali popote duniani. Mafuta yaliyotumiwa na motokaa ile yaliitwa ligroini, mafuta mepesi kama petroli, na yaliuzwa kwa vichupa vidogo katika maduka ya dawa, kwa watu waliotaka kuondoa madoa katika nguo. Bibi Benz aliingia katika duka la dawa la mjini, lililokuwa la Bwana Willi Ockel, akataka ligroini yote iliyokuwapo. Husimuliwa kwamba muuza dawa aliitazama nguo yake iliyojaa vumbi na mafuta, akamwambia kwamba kwa doa lile chupa moja ingetosha. Jengo la duka hilo bado lipo Wiesloch, na mbele yake pamewekwa ukumbusho wa chuma. Wenyeji hujivunia kwamba hapo ndipo palipokuwa kituo cha kwanza cha petroli duniani, na hakuna aliyetokea kuwapinga kwa ushahidi.

Mbele ya hapo injini ilizimika. Wasimuliaji hawakubaliani mahali hasa, lakini jambo lenyewe linajulikana. Mrija wa mafuta ulikuwa umezibwa na uchafu. Wanawake wa siku zile walivaa kofia pana zilizoshikwa katika nywele kwa pini ndefu, na Bibi Benz alichomoa pini yake akauzibua mrija. Mara ya pili, waya wa umeme unaotoa cheche ulikuwa umesuguliwa na chuma hata ukachubuka, na moto wake ukawa unapotea. Kitu kisichopitisha umeme kilihitajika kuufunika. Bibi Benz aligeuka kando, akavua ukanda wa mpira uliokuwa ukishikilia soksi yake ndefu, akaufunga juu ya waya. Habari hizi mbili husimuliwa sana, na kila asimuliaye hucheka. Lakini inafaa kutazama kilicho nyuma ya kicheko. Pini yoyote huweza kuzibua mrija. Kujua kwamba mrija ndio uliozibwa, na ya kuwa waya ndio unaopoteza moto, ni kazi ya mtu aliyekaa karakanani miaka mingi akishika taa wakati mumewe anatafuta kosa.

Waliingia Bruchsal, mji wenye jumba kubwa la rangi lililojengwa na maaskofu waliotawala huko katika karne ya 18. Hawakusimama kulitazama. Mnyororo ulikuwa umenyooka na kulegea, ukawa unaruka meno ya gurudumu, nao walitafuta mhunzi, yule yule aliyezoea kupigilia viatu vya farasi na kutengeneza majembe. Akaukaza mnyororo, nao wakaenda zao. Mhunzi katika Bruchsal, muuza dawa katika Wiesloch: kazi za zamani za vijijini ndizo zilizoifikisha motokaa, na hao mafundi hawakujua kwamba wamegusa kitu ambacho baada ya miaka michache kingewaondoa farasi wote mlangoni pao.

Baada ya mji wa Durlach tambarare inakwisha, na njia inaanza kupanda na kushuka kati ya vilima. Hapo safari ikawa ya miguu kwa sehemu kubwa. Nguvu za injini hazikufika nguvu za farasi 3, na gia mbili zilizokuwapo zilitosha kwa nchi tambarare tu. Kila kilima kilipokuwa kikali, mmoja alibaki kuongoza, na wawili walishuka wakasukuma, na jua la Agosti katika nchi ile si dogo. Mama wa miaka 39, mwenye nguo ndefu za kufika chini kama ilivyokuwa desturi, aliinama nyuma ya motokaa pamoja na mwanawe. Mahali pengine waliomba msaada wa wanakijiji. Wasafiri wa mabasi wa nchi yetu, ambao wamewahi kuteremshwa wote katika tope la masika ili gari lipande, watawahurumia bila shida.

Kushuka nako kulikuwa na hatari yake. Breki zilikuwa vipande vya mti vilivyobanwa juu ya gurudumu, na katika miteremko mirefu mti ulisuguliwa ukaisha. Katika kijiji cha Bauschlott, karibu na Pforzheim, Bibi Benz alikwenda kwa mshona viatu akamwagiza apigilie ngozi juu ya vipande vile. Ngozi ikashika vizuri kuliko mti, na ilipochakaa iliweza kubadilishwa na mshona viatu mwingine yeyote. Hivyo ndivyo vilivyoanza vile vitambaa vya breki ambavyo mafundi wa magari wa leo huvibadilisha kila siku. Mama aliyekuwa na wanawe wawili garini alikuwa na sababu nzuri ya kufikiri juu ya breki.

Waliingia Pforzheim giza linapoingia, wamejaa vumbi na masizi hata hawakutambulikana. Bibi Benz alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumwarifu kwamba wamefika salama. Mtu aweza kuwaza siku ile ilivyokuwa kwa Bwana Benz huko Mannheim: karakana tupu, mke na watoto wawili wamo barabarani katika chombo ambacho yeye, aliyekitengeneza, hakuwa amethubutu kukipeleka mbali. Kama kingepinduka kilimani, au kama mafuta yangeshika moto, angepoteza watu wake, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angekuja kununua. Mkewe alilijua jambo hilo alipokuwa akisukuma mlango wa karakana asubuhi. Aliona pia upande wa pili, kwamba chombo kisipokwenda mbali hakitanunuliwa vilevile, na akaona heri kwenda.

Baada ya kukaa siku chache kwa nyanya walirudi Mannheim kwa njia nyingine, iliyo fupi kidogo, kupitia Bretten. Kwenda na kurudi, njia yote ni kilomita 194 hivi. Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Bibi na vijana hawakueleza tu kwamba safari ilikuwa njema. Walimwambia Bwana Benz kila kosa waliloliona, kama watu wanaorudisha jembe kwa mhunzi. Vilima vilihitaji gia ya nguvu zaidi, na breki zilihitaji ngozi. Bwana Benz alisikiliza akaongeza gia ya kupandia. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo aliionyesha motokaa katika maonyesho ya mitambo mjini München, akapewa nishani ya dhahabu. Wanunuzi wakaanza kupatikana, hasa Ufaransa, ambako Bwana Émile Roger wa Paris alikuwa wakala wake. Ilipofika mwaka wa 1899 kiwanda cha Benz kiliuza magari 572, na wakati huo hapakuwa na kiwanda kingine cha motokaa duniani kilichokuwa kikubwa kuliko hicho.

Familia hiyo haikutengana na magari. Mwaka wa 1906 Bwana Benz na mwanawe Eugen, mmoja wa wale waliosukuma, walianzisha kiwanda chao wenyewe katika mji wa Ladenburg, ng'ambo ya mashariki ya Mannheim, kikaitwa Benz na Wanawe. Ladenburg ni mji wa kale sana. Warumi walikuwako, na misingi ya majengo yao huonekana hata leo. Katika bustani ya nyumba yao, karibu na mto Neckar, Benz alijenga banda la motokaa lenye umbo la mnara mdogo kama ngome ya watoto, nalo bado limesimama. Bwana Benz alifariki huko tarehe 4 Aprili 1929.

Hapa yafaa kutajwa jambo moja juu ya jina. Mwaka wa 1926 kampuni ya Benz iliungana na ile ya Daimler, ndipo jina la Mercedes-Benz likapatikana. Mercedes naye alikuwa mtoto: binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeuza magari ya Daimler, ambaye alitaka magari hayo yaitwe kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo jina lote la gari lile ni la nyumba mbili, moja yenye msichana mdogo na moja yenye mama msukumaji. Katika Kenya na Tanzania, baada ya uhuru, jina hilo lilizaa neno jipya, Wabenzi, maana yake wakubwa wapandao magari ya fahari huku raia wakitembea. Haielekei kwamba waliolitunga neno hilo kwa uchungu wao walijua kwamba Wabenzi wa kwanza walikuwa mama mmoja na watoto wawili, wenye vumbi, wakilisukuma gari kilimani na kuchota maji mferejini.

Bibi Benz aliishi muda mrefu. Tarehe 3 Mei 1944, siku alipotimiza miaka 95, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Karlsruhe kilimpa heshima kubwa. Katika ujana wake wanawake hawakuruhusiwa kusoma katika vyuo hivyo. Siku mbili baadaye alifariki, akazikwa Ladenburg pamoja na mumewe. Hakuona yaliyoupata mji wake wa kuzaliwa. Usiku wa tarehe 23 Februari 1945 ndege za Waingereza zilitupa mabomu juu ya Pforzheim, na katika muda usiotimia nusu saa watu zaidi ya 17,000 walikufa. Katikati ya mji hapakubaki kitu. Kifusi cha nyumba kilichukuliwa kikamwagwa juu ya kilima cha Wallberg nje ya mji, na kilima kikainuka zaidi. Mtu akipanda juu yake leo anakanyaga mitaa ya zamani ya Mji wa Dhahabu, na huuona mji mpya wote chini yake. Msafiri anayekwenda kutafuta Pforzheim ya Bibi Benz hana budi kulijua hilo kabla hajafika, la sivyo atashangaa kuona majengo karibu yote ni ya baada ya vita.

Tangu mwaka wa 2008 njia ile ya kwenda na kurudi imewekwa rasmi kuwa njia ya ukumbusho, na vibao vyenye jina la Bertha Benz vimesimamishwa kwenye njia panda ili mgeni asipotee. Haipiti katika barabara kuu za magari ya mbio. Inapita vijijini, kando ya mashamba ya mizabibu, mbele ya makanisa na mabaa, kama ilivyopita zamani, na wenye magari ya kale huja kuifuata wakiwa wamevaa kofia na nguo za siku zile. Kwa barabara kuu mtu aweza kufika Pforzheim kutoka Mannheim kwa muda kama wa saa moja na zaidi kidogo. Kwa njia ya nyanya ni bora kutenga siku nzima, kula mchana Bruchsal, hasa ikiwa ni majira ya asparagasi, kuanzia Aprili hadi Juni, na kufika kwenye vilima vya baada ya Durlach kabla jua halijashuka. Na ajaze tangi mapema. Kule Wiesloch ukumbusho upo, lakini dukani hawauzi tena petroli.